Mafuta ya Kondoo Kwenye Chemba

Nitaanza na jambo ambalo majirani zangu bado wananicheka nalo: niliapa. Niliapa mbele ya milango kumi, mtoto mchanga mgongoni, kwamba likipatikana hata tone moja la mafuta ya nyumba yangu ndani ya chemba yetu ya maji machafu, nitafunga virago siku hiyo hiyo. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa na hasira, na mimi nikiwa na hasira ulimi hutangulia, kichwa kikafuata nyuma kikihema.

Ploti yetu iko Kaptembwo, mjini Nakuru. Ni vyumba kumi, vitano vikitazamana na vitano, katikati ua wa simiti, na mwisho wa ua, karibu na choo, sinki moja ya kuoshea vyombo ambayo sote tunaitumia. Majina hatuitani sana, tunaitana namba za milango. Mimi ni namba tatu. Maji ya sinki hupita kwenye bomba chini ya ua mpaka kwenye chemba, kishimo cha mraba chenye mfuniko wa zege, kisha yanaendelea hadi shimo kubwa la maji taka nje ya ukuta.

Mimi hukaanga. Mandazi ya asubuhi hutoka kwangu kwenda vibanda viwili vya barabarani, na Jumapili nakaanga samaki kwa sababu napenda samaki na siombi mtu radhi. Kwa hiyo mafuta yaliyotumika ninayo, tena mengi, na sijawahi kuyachezea. Nayaacha yapoe kwenye karai hadi niweze kutia kidole. Nayachuja kwa kitambaa, nayatia kwenye mtungi, nayatumia tena mara moja tu. Yakianza kuwa meusi na kutoa povu, yamezeeka. Hapo ndipo watu wengi huyamwaga kwenye sinki, kisha wanamwaga birika la maji moto juu yake. "Maji moto yanasukuma," ndivyo wanavyosema, tena kwa uhakika wa mtu anayesoma Injili madhabahuni. Yanasukuma, ndiyo. Yanayasukuma hadi pale usipoweza kuyaona, na pale yanapoa, na asubuhi ya Nakuru mwezi wa saba haiyahurumii mafuta.

Mimi simwagi. Mume wangu anafanya kazi Kariandusi, kwenye machimbo ya daiatomaiti, lile jiwe jeupe jepesi linalosagwa likawa unga. Hukaa huko wiki nzima na kurudi Jumamosi jioni akiwa mweupe hadi kope. Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa niliangusha chupa ya mafuta sakafuni, naye akachota unga ule mfukoni mwa koti lake la kazi akaunyunyizia juu. Unga uliyanywa mafuta. Hakuna neno lingine, uliyanywa. Tangu siku hiyo huniletea vumbi lililokataliwa, gunia dogo kila baada ya miezi kadhaa. Mafuta yakizeeka na kupoa kabisa, nayamimina kwenye ndoo kuukuu, natia unga, nakoroga kwa kijiti hadi yakaze, nayafunga kwa gazeti na kuyatia kwenye pipa la taka. Karai naipangusa kwa karatasi kabla haijaona maji. Asiye na unga wa Kariandusi atumie vumbi la mbao kutoka kwa seremala, au udongo mkavu. Majivu pia yanafaa, lakini yawe yamelala siku mbili, si majivu yenye kaa ndani. Sisi wa upande huu, tangu ule moto wa lori la mafuta lililopinduka Sachangwan, hatuhitaji kufundishwa kwamba mafuta na moto havichezewi.

Haya yote nilikuwa nimewahubiria majirani hadi wakachoka nami. Nilifika hata kubandika karatasi juu ya sinki: MAFUTA HAPANA. Mtu akaongeza chini yake kwa kalamu ya bluu, "Amri ya kumi na moja." Sikuibandua. Nilifurahi kwamba angalau alikuwa ameisoma.

Mwezi wa saba nilijifungua mtoto wa tatu, msichana. Wiki ya pili mama yangu akafika kutoka Subukia. Kwetu mzazi haendewi mikono mitupu, na mama yangu hajui kufanya jambo nusunusu: alikuwa amechinja kondoo. Alileta paja, mbavu, na ndoo iliyojaa mafuta ya mkia. Nyama ilikuwa ya supu yangu, ili damu irudi. Mafuta yalikuwa dawa. Unayayeyusha, unayachuja ndani ya chupa, na baridi ikianza jioni unampaka mtoto kifuani na mgongoni. Mimi mwenyewe nimekua nikinuka mafuta hayo. Shuleni tulijuana kwa harufu, sisi watoto wa kifua kibovu.

Alikaa siku nne, na siku zote nne hakuniruhusu kugusa sufuria.

"Wewe lala na mtoto," alisema kila nilipoinua kichwa. "Kwani mimi nimekuja hapa kuhesabu mabati?"

Nikalala. Sijawahi kulala hivyo tangu niolewe. Nilisikia vyombo vikigongana kule kwenye sinki, nikamsikia akicheka na mama wa namba nne, nikageukia ukuta nikalala tena. Alipoondoka aliacha chupa tatu za mafuta meupe dirishani, na sufuria zangu zikang'aa kuliko siku nilipozinunua. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilipona, na mtoto akaacha kukohoa.

Siku tisa baadaye maji ya sinki yakarudi juu. Yalikuja na povu, majani ya sukumawiki na punje za wali, yakatanda uani hadi kwenye kitambaa cha mlango cha namba sita. Kabla ya saa tatu asubuhi keateka alikuwa ameshatuma ujumbe wa sauti kwenye grupu ya ploti. Huyu keateka ni mwanamume wa makamo anayekaa namba moja na kumwangalizia nyumba mwenye ploti, mwanamke mzee anayeishi Lanet. Kwa muda mrefu keateka alikuwa na mtu wake aliyekitamani chumba changu, kwa sababu kiko karibu na lango.

"Watu wa ploti," ilisema ile sauti, "nimesema na nitasema tena. Hii mambo ya kukaangakaanga kama hoteli ndiyo inatuletea shida. Mwenye ploti amesema mwenye aliziba ahame mwisho wa mwezi. Mwenye maskio ameskia."

Hakutaja namba. Hakuwa na haja ya kuitaja.

Nilifunga mtoto mgongoni nikatoka. Nilimkuta amesimama kando ya chemba, mikono kiunoni, na milango yote iko wazi.

"Mama namba tatu, tusizungushane," alisema. "Hii mafuta ni yako."

"Umeiona wapi?"

"Si lazima nione. Nani mwingine anapika mandazi hapa?"

"Na nani mwingine hapa anaweka mafuta yake kwa mtungi? Njoo uone mtungi. Njoo uone na gunia."

"Hiyo unga ni ya kuonyesha watu."

Neno hilo lilinichoma. Ningeweza kuvumilia kuitwa mchafu, lakini kuitwa mnafiki sikuweza. Miaka sita nimekoroga mafuta kwa kijiti kama mwendawazimu huku wenzangu wakimwaga na kwenda zao kutazama televisheni. Na chumba chenyewe ndicho kila kitu: mandazi yanatoka pale, shule ya wale wakubwa wawili iko mtaa wa pili, na mtoto hakuwa amemaliza mwezi. Nani anahama na mtoto wa wiki tatu kwenye baridi ile?

"Fungua chemba!" nikapiga kelele. "Fungua saa hii, kila mtu aone. Kukitoka hata tone moja ya nyumba yangu, nahama leo. Si mwisho wa mwezi. Leo!"

"Umesema mwenyewe."

"Nimesema. Fungua!"

Alileta mtaimbo akainua ule mfuniko. Watu wakaziba pua, lakini hakuna aliyeingia ndani, maana sinema ya bure haikimbiwi. Akaingiza waya mrefu kwenye mdomo wa bomba, akasukuma, akazungusha, akavuta. Mara ya tatu kitu kikaachia, kikatumbukia ndani ya chemba, naye akakichota kwa koleo akakiweka kwenye simiti.

Kilikuwa cheupe. Kigumu, kinene, saizi ya mkate wa nusu, kimechukua umbo la bomba. Nilikiangalia na moyo wangu ukapata raha, nusura nicheke. Mafuta yangu ni ya maji na huzeeka yakawa meusi. Haya hayakuwa yangu. Nilifungua mdomo nidai kuombwa msamaha.

Mama wa namba nne ndiye aliyeinama. Ni mwanamke mpole, amefanya kazi jikoni kwenye shule ya bweni maisha yake yote, na pua yake haidanganywi. Alinusa, akainuka polepole, akaniangalia mimi badala ya keateka.

"Hii si ya mandazi," alisema. "Hii ni ya kondoo."

Katika ploti yenye milango kumi, kondoo akiingia anajulikana. Supu yake hunuka hadi langoni na kila nyumba hupelekewa bakuli, na mwezi ule wote walikuwa wamekunywa supu ya nyumba moja tu.

"Kikulacho," alianza mwalimu wa namba kumi, halafu akaona uso wangu akaimeza iliyobaki.

"Mimi nilimwambia shosh, mama yako," akasema mama wa namba nne, sauti chini, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa. "Alikuwa anaosha hiyo sufuria ya kuyeyushia. Nikamwonyesha karatasi, nikamwambia hapa mafuta hatumwagi. Akaniambia hiyo ni ya kupikia, hii yake ni dawa ya mtoto, haiwezi kudhuru mtu. Akamwaga yenye ilibaki. Na maji moto juu yake, birika mbili, ndio asituachie uchafu."

Niliona aibu. Nilimwona mama yangu akiinua birika la pili, amejitahidi kuwa mgeni mzuri, huku mimi nimelala nimegeukia ukuta. Na nikakumbuka kwamba kwetu Subukia maji ya vyombo humwagwa shambani, kwenye migomba. Hajawahi kuishi na bomba hata siku moja.

"Haya," akasema keateka. Hakuwa hata anaficha furaha yake. "Wewe ndiye ulisema leo. Nikuitie mkokoteni?"

Mtu mwenye akili angeomba msamaha akaingia ndani. Mimi nilimfungua mtoto mgongoni nikamkabidhi mama wa namba nne. Nikapandisha mikono ya sweta.

"Nilisema, na nilikosea kusema," nikamwambia. "Maneno yangu nayarudisha, kila mtu anaskia. Sihami."

"Aai, mathe, uliapa mbele ya watu."

"Ndiyo, na mbele ya hao watu nimekataa. Nipe hiyo koleo."

Nikapiga magoti nikaanza kutoa. Nitasema ukweli: ilikuwa inanuka hadi machozi yalinitoka, na nilishukuru kwamba kuna harufu ya kusingizia. Nilitoa ile nyeupe yote, vipande vinne, nikaviweka upande mmoja. Halafu koleo likagonga kitu kingine. Chini ya mafuta ya mama yangu kulikuwa na tabaka la manjano, chini ya manjano tabaka la kijivu, na chini kabisa kitu cheusi kilichokuwa kinavutika. Ndani yake mlikuwa na maganda ya maharagwe, punje za pilau, kichungi cha sigara, na vipande vya matumbo vilivyoganda vizuri kabisa. Matumbo hupikwa kila Ijumaa namba moja, na ua mzima unajua.

Nikapanga yale matabaka juu ya simiti, moja baada ya jingine.

"Hii nyeupe ni ya kwetu," nikasema. "Ni ya kondoo wetu, naibeba mimi. Hii ingine ni ya nani? Ama pia hii ilitoka Subukia?"

Namba sita akaangalia simu yake. Namba tisa akakumbuka kwamba ana kitu jikoni. Kondoo wa mama yangu alikuwa amelalia kitanda kilichotandikwa na wengine miaka mingi, na kila mtu pale alikuwa ameshika shuka mahali fulani.

Keateka akampigia mwenye ploti. Alipokuwa anasubiri ijibiwe akanisogelea, na kwa mara ya kwanza siku ile aliongea nami kwa upole.

"Skia, namba tatu. Sema tu ni mgeni. Sema mama yako alikuja akamwaga, ni mtu wa shamba, hajui mambo ya mjini. Mwenye ploti ataelewa. Hii kitu inaisha hapa hapa."

Ingekuwa rahisi. Zaidi ya hayo, ingekuwa kweli. Nilichohitaji ni sentensi moja tu: mama yangu hajui. Ningebaki na chumba changu, ningebaki na sifa yangu ya mtungi na gunia, na mama hangesikia kamwe, maana Subukia ni mbali. Nilimwangalia mwanamume yule aliyekunywa supu ya mama yangu bakuli mbili, nikahisi hasira mpya kabisa, safi kuliko ile ya asubuhi.

Nikaichukua simu mkononi mwake.

"Ni mimi, mama, wa namba tatu," nikasema. "Mafuta yenye imeziba ni ya nyumba yangu. Nimekosa. Naitoa saa hii na mikono yangu. Lakini sihami."

Mwenye ploti ni mzee wa maneno machache.

"Naona kwenye grupu ya ploti ulikula kiapo," akasema.

"Nilikula."

"Na sasa?"

"Sasa nimekitapika."

Nilisikia kitu kama kikohozi. Halafu akauliza, "Na hiyo ingine iko ndani ya chemba ni ya nani?"

"Hiyo muulize keateka, mama. Ako hapa kando yangu."

Nikamrudishia keateka simu yake; sijui mwenye ploti alimwambia nini. Najua tu kwamba keateka aliitikia "sawa" mara tano, na kwamba mwenye ploti alisema angekuja Jumatatu amwage maji mwenyewe kwenye sinki, na akikuta yanarudi atafunga maji ya milango yote kumi. Mambo ya mkokoteni hayakutajwa tena.

Nikakoroga mafuta yetu na unga, nikayafunga kwa magazeti manne, nikayatia kwenye pipa. Kisha nikanawa mikono hadi kwenye viwiko, nikachukua mtoto wangu, nikageuza ndoo juu chini nikaikalia kando ya chemba. Nilinyonyesha pale. Baada ya muda mama wa namba nne akaja na glavu za mpira, akafuata mwalimu amevaa mifuko ya plastiki mikononi kwa sababu glavu hana. Namba sita alitumwa kwa seremala kuleta vumbi la mbao. Wa mwisho kupiga magoti alikuwa keateka, na alitoa cheusi cha chini kabisa huku sote tunamtazama. Nilipenda kila dakika, na sioni haya kusema hivyo. Jumatatu maji yalishuka yakinguruma.

Mama yangu alirudi mwezi wa kumi, mtoto ameshajua kucheka. Nilikuwa ndani nakanda unga wa mandazi alipoingia kutoka kwenye sinki, povu hadi kwenye viwiko. Niliona uso wake nikajua mama wa namba nne amemsimulia.

"Wewe msichana," alisema. "Ni kweli mimi ndiye niliziba ile bomba?"

"Ni kweli, mama."

"Na ni kweli ulimwambia mwenye nyumba ni wewe?"

Niliendelea kukanda.

"Mimi si mtoto wa kufichwa nyuma ya leso," alisema, na sauti ilikuwa imepanda hadi uani. "Nikikosa, naitwa nikaambiwa, nakuja na mikono yangu natoa. Nimezaa watoto saba, na sijawahi kungoja mtu anikinge na mvua. Ungefukuzwa na mtoto mdogo hivi kwa sababu ya ujinga wangu! Kwa nini ulijitwika kosa langu?"

"Mama, kaa."

"Sikai. Niambie."

Nikaacha unga.

"Kuna mtu alitaka niseme wewe hujui kitu," nikamwambia. "Kwamba ni mtu wa shamba tu."

Mama yangu alisimama pale mlangoni, povu likidondoka kwenye simiti. Ukali wote ukamtoka usoni. Alionekana mzee kuliko nilivyozoea kumwona.

"Na ulimwambia nini?" akauliza.

"Sikumwambia kitu. Nilichukua simu."